Hesabu ya Kutoa

Karatasini, Sumapalta ina watu mia nne na tisa,
na saba kati yao, ati, wamevuka karne.
Ofisini Cuenca walicheka: "Nenda, Rosaura, kahakiki.
Namba ikinona hivyo, imelishwa."

Nilipanda siku mbili, moja kwa lori, moja kwa nyumbu,
dodoso zangu ndani ya mfuko wa nailoni.
Nyumba kwa nyumba nikakuta mchezo niliouzoea:
wa miaka sitini tele, wa sitini na mmoja hakuna;
wa sabini wamejaa kama viazi guniani,
wa sabini na mitatu, mlango mtupu.
Watu hupenda sifuri. Umri hutua pale
kama mchukuzi anavyotua mzigo kwenye jiwe la njiani,
akafuta jasho, akasahau alikotoka.
Hilo lina dawa. Tuna kanuni ya kulainisha.

Don Eleuterio Macas hakuwa na dawa.
Miaka mia moja na kumi na miwili, kwa kauli yake
na kwa kauli ya bango la manispaa pale darajani:
uso wake, na chini yake MAJI YA UHAI, KARIBUNI.
Nilimkuta akipukuchua mahindi. Jino moja, vidole kumi vizima.
Kwamba amekula chumvi nyingi sikuwa na shaka.
Kazi yangu ilikuwa kuuliza: pishi ngapi?

Padri alinipa ufunguo wa kabati na mshumaa.
Panya walikuwa wamekianza kitabu kabla yangu,
wamekula pambizo, wameyaacha majina.
1863, Machi: Eleuterio, mwana halali wa Zoila na Asencio.
Nikataka kufunga. Kidole kikagoma.
Kitabu cha maziko, 1866:
Eleuterio, miaka mitatu, kifaduro, bila ada.
Kisha ubatizo wa mabinti, watano,
kisha, 1880, kwa wino wa mkono mwingine: Eleuterio.
Baba yule yule. Mama yule yule.
Jina halikuzikwa. Lilining'inia nyuma ya mlango
kama koti, likingoja mabega.

Nikatoa. Ikabaki tisini na mitano.

Ningelala. Lakini kitabu cha maziko kilikuwa wazi,
nikahesabu hadi mshumaa ukanywea:
katika kila kumi waliobatizwa muongo ule
wanne hawakufika miaka mitano.
Ndipo wastani unapotoka, thelathini na mmoja,
ule tunaouandika ripotini kwa herufi nzito.
Katika kurasa zote zile sikumwona hata mmoja
aliyekufa na miaka thelathini na mmoja.
Ni umri uliopimwa kati ya kaburi fupi na kaburi refu,
umri usio na mwenyewe.

Asubuhi nilimwambia mzee. Binti yake Custodia akaacha kusaga.
"Kumi na saba? Unaichukua yote?"
Mzee hakuinua kichwa.
"Sikuiiba," akasema. "Mama akiita Eleuterio
tuliitika wawili. Sahani yake nilikula mimi,
misa yake ya Machi nilipiga magoti mimi.
Nilikuwa namtunzia. Wewe unampelekea nani?"
Dodoso langu lina safu ishirini na nne.
Nilizipitia zote.

Punje zikaanguka bakulini, moja moja.
"Na hilo jedwali lako," akauliza, "linanibakishia nini?"
Nikaufuata mstari kwa penseli: mwenye tisini na mitano,
miaka miwili na robo.
"Na mwenye mia moja na kumi na miwili?"
Nikashuka hadi chini ya ukurasa. Jedwali lilikoma mia na mitano.
"Hana kitu," nikasema.

Akalitazama gunzi, akalitupa motoni.
"Custodia, ongeza maji chunguni.
Mpaka jana nilikuwa sina kitu."