Siku Thelathini

Mimi ndiye niliyelishona jalada lile
kwa sindano ya magunia na uzi mweupe:
kesi ya kuhamishwa nyumba, namba mia nne na kumi na saba,
Petronila Abuyuan dhidi ya Crisanto Lagunday,
chumba cha chini, njia ya mtoni, mjini kwetu Samar,
kodi ya miezi kumi na tisa haijalipwa.

Sheria haikumung'unya maneno.
Karatasi ya mwisho ikishaingia, hesabu siku thelathini,
hukumu itoke.
Siku thelathini: kuku huatamia, akatotoa,
na vifaranga wakawa wanachakura uani.

Hakimu Baldomero Ycasiano hakuwa mla rushwa.
Nalitanguliza hili kwa kuwa wachunguzi kutoka Manila
ndilo waliloniuliza kwanza,
na nilipojibu hapana, nyuso zao ziliingia baridi.
Alikuwa mtu wa kesho, basi.
Alikunja miwani kama afungaye duka:
"Kesho, Epifania."
Wakili wa mpangaji akaleta ombi
ambalo sheria imekataza hata kupokelewa;
akalipokea,
akalipangia tarehe,
tarehe ikaahirishwa kwa tufani,
tufani ikapita, ikaahirishwa kwa sikukuu ya mtakatifu wa mji,
kisha kwa jino lake.

Ngojangoja huumiza matumbo.
La Petronila liliumia kweli: uvimbe,
upande wa kushoto, daktari akauchora kwenye bahasha
akatia na bei chini yake.
Kila Jumatatu alikaa benchi la tatu,
mwavuli umelala mapajani kama mtoto mgonjwa.
"Imetoka?"
"Bado."
Miaka mitatu, neno moja. Mate yangu yaliona haya.

Na Crisanto? Asidhaniwe shetani.
Fundi wa feni, wana watatu, mke yuko Kuwait na barua zimekatika.
Kila ahirisho kwake lilikuwa bati jipya juu ya paa.
Feni ya mahakama ilipokufa, aliifufua bure.
Hilo nalo nililiandika,
wasije wakasema nilichagua.

Kisha barua ikaja, muhuri mwekundu,
Mahakama ya Juu inataka maelezo.
Mtu wa kesho akageuka mtu wa sasa hivi.
Alasiri moja tu akaandika hukumu kurasa nne,
na jioni ileile akatia sahihi amri ya kutoa vyombo,
bila notisi, bila hata siku moja ya mtu kufunga mizigo.
Mvua ilinyesha juu ya magodoro.
Feni kumi na moja zilipangwa kando ya njia,
upepo ukazizungusha zenyewe.

Mshindi wa kesi alikuwa amezikwa tangu Februari.

Hakimu aliniamuru nimpigie chapa utetezi wake:
wingi wa mashauri, uzembe wa makarani.
Nilipiga neno makarani kwa vidole vyangu mwenyewe,
sikukosea hata herufi.

Manila walimtoza faini mara mbili,
moja kwa kuchelewa, moja kwa kutojua sheria aliyoapa kuijua,
zikatwe kwenye pensheni.
Fedha zilitoka hazina, zikarudi hazina.
Hakuna sarafu iliyovuka mto kwenda kaburini,
wala iliyofika chini ya daraja
ambako Crisanto sasa anatengeneza feni za wapita njia.

Jalada nimelifunga. Lina unene wa tofali.
Ila kuna siku kumi na moja, mwaka wa pili,
lilipokaa mezani kwangu, si kwake,
chini ya kopo la biskuti,
nikisubiri niseme nimechoka.

Hizo hawakuziuliza.