Badilisha Mwaka Tu

Saa kumi na mbili asubuhi, Mwaloni, mapanki bado mabichi kwenye kichanja,
kijana wa chama alinikuta na ngazi begani.
Akanipa elfu thelathini, nusu ya malipo, na kopo la kijani.
"Ukuta ule ule, fundi Lugembe. Badilisha mwaka tu."

Niliuchora mimi, miaka mitano nyuma.
Uso niliutoa kwenye kalenda;
shingo ilinishinda, nikaificha kwa ukosi.
Chini, kwa herufi za kusimama:
MTAMBO WA BARAFU. GATI JIPYA. KAZI IMEANZA.

"Na haya maneno?"
"Yafufue. Yamepauka kidogo.
Halafu hizo mvi uzifute, Mheshimiwa hana mvi."

Sikumpaka mvi mimi.
Ni mvua, imeshuka na chokaa ya juu
ikampitia panapo masikio, masika baada ya masika.

Nyanzobe, mwenye sato, amekaa chini ya kidevu chake
tangu rangi ile haijakauka.
Barafu yake hutoka Igogo kwa baiskeli,
imefungwa gunia na pumba za mbao;
ikifika, nusu yake imeshakuwa ziwa.
"Mwachie mvi," akasema, hakuinua kichwa.
"Tumezeeka wote hapa. Kwa nini yeye apone?"

Kesho anatua Furahisha.
Tumeambiwa tuanue dagaa mapema,
maana safari ile helikopta ilipita chini
na dagaa wa Holo, jua la siku mbili,
wakapaa na vumbi, wakarudi majini wakavu.
Wakaelea.
Hakuna aliyekumbuka kuogelea.
Holo alisimama pale na ufagio mkononi,
huku watu wakishangilia, naye akashangilia.

Nikazifuta mvi. Nina watoto wanne.

Kisha tarakimu.
Tano kuifanya sifuri si kazi ngumu:
unakwangua kikofia,
tumbo unalipandisha hadi juu,
halafu ule mdomo wake ulio wazi kushoto
unauziba.
Korongo watatu juu ya bati la soko
walinitazama kama waangalizi wa uchaguzi,
hawakuandika kitu.

"Imeisha?"
"Imeisha."
Nyanzobe akarudi nyuma hatua tatu, akaisoma.
"Mbona kama yai?"
"Ndivyo ilivyo, mama."
"La kuatamiwa, au viza?"

Kura yangu usiniulize;
nusu ya pili sijalipwa.

Rangi ilibaki kisodani, ya kutosha neno moja.
Akalivuta deli lake, akalipangusa kwa khanga
yenye uso ule ule, wa kampeni iliyopita,
akasema, niandikie hapa ubavuni: BARAFU.
Nikaandika taratibu, kwa herufi za kusimama.
Akafunua kifuniko, akachungulia ndani,
akafunika haraka kabla jua halijaingia.