Mtaro Namba Saba

Kwenye ramani ya manispaa hauna jina.
Ni mstari wa buluu, mwembamba
kama uzi uliochomoka kwenye pindo la kanga,
na pembeni yake: Mtaro Na. 7.

Nauza ming'oko pale kwenye kalavati, Chuno,
mwaka wa kumi na moja sasa.
Nimeuona ukibeba pampasi, kandambili za mguu mmoja,
maganda ya korosho, godoro,
siku moja kabati zima, milango ikifunguka na kufunga
kama mtu mwenye neno la mwisho.
Masika unaingia ndani bila hodi.
Kiangazi unanuka, wateja wanatafuna wakitazama kando.
Mimi nilishazoea.
Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilishazoea.

Kisha wakaja wageni kutoka Pemba,
si Pemba ya karafuu, Pemba ya Msumbiji,
ng'ambo ya Ruvuma.
Miji miwili imetia saini, tukaambiwa,
kila mmoja utoe kijito chake mahututi,
viuguzwe pamoja.
Nikacheka: walalahoi wawili wanaazimana shuka!

Mhandisi wao akasema Kireno,
mkalimani akatuletea Kiswahili cha makaratasi,
mhandisi wetu akaitikia kwa kichwa.
Yote yalipita juu ya vichwa vyetu
mpaka mama mmoja, Faustina Nandenga,
akavua viatu, akashuka,
akakinga kiganja, akaitazama ile nyeusi,
akasema, si kwa mtu:
medi.

Medi.
Bibi alisema hivyohivyo
akinitikisia kibuyu kitupu.
Nikamjibu kwa Kimakonde changu chenye kutu.
Mkalimani akafunga daftari,
akaagiza ming'oko ya elfu moja.

"Msijenge ukuta," Faustina akasema.
"Sisi tulijenga. Mvua ya kwanza iliubeba,
na fedha za mwaka mzima,
na mbuzi wawili wa shemeji yangu.
Pandeni matete. Uacheni upinde unapotaka kupinda."
Mhandisi wetu akayaandika yote.
Mbuzi hakuwaandika.

Nasi tukampa letu moja:
mbangua korosho muulize mbele ya wateja wake
maganda anayapeleka wapi.
Muulize kwa upole. Muulize kila siku.

Basi kila Jumamosi,
kwetu saa mbili, kwao saa moja bado,
Sijali wa darasa la sita anachota maji kwa bomba la kioo,
anachungulia alama nyeusi chini,
anahesabu sentimita mpaka ipotee,
nami natuma namba kwa simu.
Nne, sisi. Saba, wao.
Tisa! Na wao tisa.
Nakiri, nililala na wivu kwa ajili ya maji machafu.

Machi ikaja namba: sifuri.
Halafu kimya, wiki mbili.
Halafu: mto umepita na matete yote, na jiko langu.
Hakuna aliyecheka Chuno.
Tulichimbua matete yetu, nusu kwa nusu,
tukayafunga kwenye viroba vilivyoloweshwa,
yakavuka Ruvuma juu ya magunia ya watu wengine.
Forodhani wakauliza, bidhaa gani? Thamani yake?
Dereva anasema alikaa na kalamu
mpaka foleni nzima ikampigia honi.

Sasa usiku kuna chura. Mmoja.
Jirani yangu Mnali analalamika hapati usingizi,
kisha anatoka kibarazani kumsikiliza.
Harufu bado ipo, nisikudanganye,
mchana wa jua kali ipo.
Na pampasi zipo.

Juzi alikuja kijana wa ramani, kalamu sikioni.
"Mama, mto huu unaitwaje?"
Mto, alisema. Si mtaro.
Nikafuta mikono kwenye kanga.
Majina mawili matatu yalinijia mdomoni,
moja la bibi, moja la matusi.
Nikamwambia asubiri Jumamosi,
tuwaulize na wa ng'ambo.