Raba ya Pampu

Begi nimelifungua sebuleni, Kimara Temboni.
Vumbi la harmatani likatoka kabla ya nguo,
jepesi kama unga uliochekechwa mara tatu.
Mama akafagia bila kuuliza ni la nchi gani.

Kisha akauliza lile lililomkaa rohoni
miezi kumi na minne:
"Kwa hiyo, uliwapa maji?"
Nyuma yake madumu tisa ya njano
yamejipanga ukutani kama watoto wanaongoja kuitwa majina,
na bomba letu, tangu Jumanne,
linatoa upepo tu.
Kijana wa guta anauza dumu mia tano,
sita kama anakuona una haraka.

Nilijitolea. Ukilitafuna neno lenyewe
lina "toa" katikati, kama kokwa.
Nilijitoa kazini, nikajitoa Dar es Salaam,
nikamuaga Shangazi Nargisi, akacheka:
"Kinyozi hajinyoi, mwanangu. Nenda tu."

Sagbarigu, kaskazini mwa Tamale.
Nilifika na boksi la spana, na cheti.
Pampu ilikuwa imekufa mwaka mzima.
Memunatu, mwangalizi wake, akaifungua mbele yangu
kwa spana moja na kipande cha nondo,
akapanga vyuma juu ya gunia
kwa mpangilio niliofundishwa mimi
mwaka wa pili chuoni.
Akainua raba, kiduara kidogo, kimepasuka.
"Hii," akasema. "Hii tu."

Nikaikumbuka tiketi yangu ya ndege,
nikaanza kugawanya bei yake kwa bei ya raba.
Hesabu sikuimaliza.
Niliona haya.

Miezi iliyobaki nilifanya nini?
Nilifuata raba mjini. Mara nne.
Nilijifunza kubeba ndoo kichwani bila mkono,
nikashindwa, wasichana wakacheka
mpaka wakakaa chini.
Nilikula ugali wao, wanauita TZ,
na siku ya kwanza nilidhani wananikaribisha
kwa kunipakulia nchi yangu kwenye bakuli,
na juu yake mlenda, mlenda uleule wa bibi,
unaovutika, usiokubali kukatwa na kidole.
Nilipougua, Memunatu alilala mlangoni kwangu
siku tatu, mkeka wake umeziba kizingiti.
Nani alikuwa anajitolea hapo?
Fomu ya ripoti haikuwa na mstari
wa kuliandika hilo.

Kule ukisalimiwa asubuhi, unaitika "naa".
Pole na kazi. Naa.
Karibu. Naa.
Kwetu hicho ni kiungo tu,
neno linaloshika mlango
huku likingoja mwenzake aingie.
Kila walipoitika, nilisubiri liendelee.
Nilichukua muda kuelewa
kwamba lilikuwa limeshafika.

"Niliwapelekea raba," nilimjibu Mama.
Akanitazama kama mtu aliyeletewa chenji pungufu
na hana nguvu ya kugombana.
"Raba," akasema. Akarudi jikoni
kupima maji ya kupikia kwa kikombe.

Usiku wa nne, saa kumi alfajiri,
bomba likakohoa.
Mtaa mzima uliamka kwa kikohozi hicho:
vifuniko, malapa, milango ya mabati,
mtu anamgongea Mzee Kisoki dirishani,
"Yamekuja! Yamekuja, amka!"
Nikatoka na ndoo, giza bado,
maji ya kwanza mekundu, ya pili kama chai ya rangi,
na pale kwenye koki, chini ya mpini,
yanatiririka pembeni, yanamwagika bure mchangani.
Nikagusa kwa kidole.
Raba imekwisha.
Imekwisha tangu lini, sijui.
Nimezaliwa nyumba hii.

Mama akatokea, kitenge kimefungwa kifuani,
dumu kila mkono.
"Za asubuhi?"
Nikajibu, usingizi ungali mdomoni,
"Naa."

Akasimama. Maji yanapiga sakafu ya dumu.
"Na nini?"