Mpini

Kwetu Goma tulisema: mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Kwa hiyo siku ya tatu niliamka kabla ya jogoo,
nikakaza kitenge kiunoni, nikakaa mlangoni,
nikangoja.

Ukungu ulikuwa bado umeilalia migomba ya Kabare.
Wanawake walipita, kamba za mizigo kwenye paji la uso,
"Asinge," wakasema, "asinge,"
wakateremka shambani bila mimi.
Nabintu aliniachia viazi vitamu chini ya jani,
bado vya moto.

Siku ya nne, viazi.
Ya tano, maharage, na kikombe cha kasiksi
kilichonichekesha peke yangu.
Mwanangu Ombeni alikwisha kupata ndama wa kukimbizana naye
na lugha mpya ya kumtukania.
Mimi nilikuwa na mikono miwili na haya.
Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa.
Nilihesabu tena mabati ya nyumba yetu, kumi na manane,
na lava iliyapita
kwa muda wa kuchemsha chai.

Siku ya saba nikashindwa.
Mama Nabintu, nikasema, kama ni kunifukuza,
nifukuze kwa maneno.
Usinifukuze kwa viazi.

Akatazama juu. Si mbinguni: darini,
juu ya mafiga, juu ya mkeka wangu,
ndani ya ule moshi ulionitoa machozi kila usiku
nikadhani ni yangu.
Mti ulikuwa umelazwa pale, umechongwa,
unaanza kuwa mweusi.

"Cirhuza aliukata jioni ile mliyofika.
Alikupima kwa macho ulivyoinama kuingia.
Jembe la marehemu mavyaa lipo,
lakini yeye alikuwa mfupi, mpini wake ungekuvunja mgongo.
Na mti mbichi hupasuka.
Ungoje ukauke."

Siku ya kumi na moja nikapewa.
Ulinuka moshi. Hata mimi nilinuka moshi.

Kipande changu kilikuwa kule chini, karibu na kijito,
na hakuna aliyenidanganya.
"Pana mawe," alisema Cirhuza, akitema mate pembeni,
"ila ni madogo. Wewe umeona makubwa."

Pigo la kwanza nilipiga vibaya,
udongo ukaruka mpaka kwenye meno.
Mteremko mzima ukacheka,
Ombeni akicheka kuliko wote,
ndama naye akalia.

Nikapiga la pili.