Ncha Iliyopinda

Nilipanda Drežnica na daftari, rula ya chuma,
glavu nyeupe za pamba, na uchu wangu.
Bi Ljudmila akanifungulia zizi
lililolaza ng'ombe watatu enzi za mkwewe. Sasa singe.
Singe ukutani, singe ndani ya debe la maziwa,
singe arobaini na moja, akasema,
"na Anzelm mmoja, ila huyo tumeshamzika."

Nikapima. Ndiyo kazi yangu, kupima.
Hii ya Waitaliano, mpini wa mti wa jozi,
namba zimegongwa na mtu mwenye haraka.
Hii ya dola la Vienna: itazame, makali yake
yameelekea juu, mawinguni,
si chini kama kisu cha mtu mwenye akili timamu.
Nimesoma sababu nne za jambo hilo,
zote nne zimeandikwa na watu walioketi.
Na hii ya mwishomwisho mwa vita, chuma kitupu hata mpini:
mbao zilikuwa na kazi nyingine,
zilikuwa majeneza.

Singe za kale kabisa zilichomekwa
ndani ya mdomo wa bunduki, kama kizibo.
Ukishaichomeka, bunduki ni bubu.
Huchagui tena: ni wewe na pumzi ya mwenzio.

Kwa wasiojua: kutu ya kale haisuguliwi.
Kutu ni saini. Unapaka mafuta, tone tu,
kwa kipande cha fulana kuukuu,
unangoja kama unavyomngoja mgonjwa aseme mwenyewe.
Na hushiki kwa mkono mtupu. Jasho la kidole
hutafuna chuma usiku na mchana, bila meno.
(Mke wangu aliwahi kuniuliza
kama na yeye ningemshika kwa glavu.
Aliondoka mwezi wa Machi.)

Ya ishirini na sita ilikuwa na ncha iliyopinda
kama pua ya bondia.
Nikaandika: Imeharibika. Nusu bei.
Bi Ljudmila alikuwa akisoma begani mwangu.
Akaninyang'anya kalamu.
"Imeharibikaje? Hiyo ilifungua kopo."

Kopo gani?

Akaliteremsha kutoka rafuni, lilikokuwa limekaa na misumari.
Kopo la nyama, limetobolewa mara saba,
matundu mawili ya kwanza yamekosea njia,
kifuniko kimeinuka kama ukope.
Anzelm alivikuta pamoja chini ya mwamba, kule Krn,
kiangazi kimoja cha ukame, na kijiko.
"Na mtu?"
"Mtu hakuwepo. Labda alishiba, akaenda zake."

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, tunasema,
wala hatusemi kama kisu hicho kilifuliwa kwa ajili ya mbavu,
wala kama vidole vilikuwa vimekufa ganzi,
wala ilikuwa nyama ya nini.

Kufa kufaana. Nilihesabu noti juu ya pipa,
arobaini zikaingia kwenye sanduku,
kila moja na blanketi lake, kama watoto wa bweni.
Ile moja hakuiuza. Hata bei hakuitaka kuisikia.
Akaenda jikoni, akarudi na kopo la dagaa
na mkate mweusi, na kabla sijasema neno
akaikita ncha ile iliyopinda kwenye bati,
tap, akazungusha, tap, akazungusha,
mkono wa mtu aliyefanya hivyo miaka hamsini.

"Kula. Ni mbali hadi Gorica."

Nikavua glavu. Kisha, sijui kwa nini,
nikaipokea singe mkononi mwake niifute mafuta ya samaki.
Ilikuwa na joto la kiganja chake.
Niliirudisha rafuni, kando ya misumari,
na pale, karibu na mpini, nikaona
alama ya kidole gumba changu, kamili, duara kwa duara.
Nilijua chumvi yake itaanza lini.
Sikuifuta.