Hili ni Zoezi

Jumamosi, Mombo, darasa la nne B.
Betri ya pikipiki juu ya dawati,
waya umerushwa hadi tawi la msufi.
Singano anabonyeza, anameza mate:
"Hili ni zoezi. Daraja limekatika. Hili ni zoezi."

Mlalo anajibu kama bisi kikaangoni.
Handeni kimya.
Nakijwa, kule Amani, anadaka neno la huyu
anamrushia yule,
herufi kwa herufi: M kama mkonge, I kama iliki.

"Majeruhi saba. Andika."
Majina yawe ya kubuni, waliagizwa.
Sita yamebuniwa.
La saba kalichomeka mwenyewe jana usiku, kwa penseli:
Mwantumu, miaka sitini na moja, yuko juu ya paa.

Mwaka ule simu zilizima siku tatu.
Mto ukazungumza peke yake.

"Mombo, rudia la saba."
M kama mkonge. W kama wali. A kama…
Mvumo tu.
Nakijwa hamharakishi.
"Nimekupata, Mombo. Mwantumu.
Mtumbwi umeshaondoka kumfuata."

Hapo Singano anapaswa kufunga kwa yale maneno matatu.
Kidole kiko kwenye kitufe.
Hayasemi.